Tumeambiwa tumeteuliwa na taasisi ya Elon Musk: je, tulipe ada ya uhakiki?

Swali la msomaji

"Mimi ni katibu wa asasi ndogo ya elimu wilayani Muheza, mkoani Tanga. Tuna vituo vitatu vya kuwafundisha kusoma na kuandika watoto 140 walioacha shule. Bajeti yetu ya mwaka ni kama Sh milioni 38. Tumesoma kwamba taasisi ya hisani ya Elon Musk ina zaidi ya dola bilioni 9, kwamba sheria ya Marekani inailazimisha kutoa asilimia 5 kila mwaka, na kwamba mwaka 2023 haikuzitoa zote. Tukajiuliza: kama fedha zipo na lazima zitoke, kwa nini zisije kwetu? Isitoshe, miaka ya nyuma watoto wa mkoa huu walipewa tableti kwa fedha zake. Mwezi uliopita mtu alitufuata WhatsApp, akajitambulisha kuwa 'mratibu wa Afrika Mashariki' wa taasisi hiyo, akatutumia barua yenye muhuri inayosema tumeteuliwa kupata dola 250,000. Anataka Sh 650,000 za uhakiki. Tumeshampa nakala ya cheti cha usajili na vitambulisho vya viongozi watatu. Mwenyekiti anataka tulipe. Je, tulipe? Na kama huyu ni tapeli, njia halali ya kuzifikia fedha za matajiri hawa ni ipi?"

Jibu

Msilipe. Mwambieni mwenyekiti leo hii, mengine mtasoma kwa nafasi.

Wakfu halali wa Marekani haumtozi mpokeaji ada ya uhakiki, ya kufungua faili, ya bima ya ruzuku wala ya "kodi ya Marekani". Gharama ya kumchunguza mpokeaji humwangukia mtoaji. Mkishalipa hizo 650,000, baada ya siku mbili mtaambiwa fedha zimekwama, kunahitajika kibali cha Benki Kuu, kisha ada ya kubadilisha fedha, na kila ada itakuwa kubwa kuliko iliyotangulia. Ada ya kwanza ni ya kuwapima tu kama mnalipa. Utapeli wa kutumia jina la Musk si jambo geni: Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliripoti kwamba kati ya Oktoba 2020 na Machi 2021 watu walipoteza zaidi ya dola milioni 2 za sarafu za kidijitali kwa matapeli waliojifanya yeye. Waliolizwa wengi wao ni wenyeji wa huko huko, kwa hiyo msione aibu.

Barua yenyewe inajitoa nguo, ukijua pa kutazama. Fomu ambazo wakfu wa Musk, yaani Musk Foundation, huwasilisha serikalini kila mwaka zimeonyesha wakurugenzi watatu, Musk akiwa mmoja wao, wasiolipwa mshahara, na hakuna mwajiriwa hata mmoja. Wakfu usio na mfagizi utakuwaje na mratibu wa Afrika Mashariki? Tovuti yake imekuwa kwa miaka ukurasa mmoja wa maandishi matupu unaotaja maeneo machache: nishati jadidifu, safari za anga, utafiti wa magonjwa ya watoto, elimu ya sayansi na uhandisi, na akili mnemba iliyo salama. Hakuna pa kujaza maombi. Tazameni pia kiasi chenyewe. Kwa kiwango cha Sh 2,500 kwa dola, bajeti yenu ni kama dola 15,200. Ruzuku ya dola 250,000 ni zaidi ya mara 16 ya hiyo. Mfadhili anayejua kazi yake hampi mtu mzigo wa aina hiyo kwa mara ya kwanza, kwa sababu anajua asasi itavunjika: hamna mhasibu wa kuzishika, hamna taratibu za manunuzi, na ugomvi utaanza kabla fedha hazijafika benki.

Sasa tuje kwenye asilimia 5, maana ndiyo iliyowapa matumaini, na tapeli wenu bila shaka anaijua vizuri.

Kwa mtu wa pwani, njia rahisi ya kuelewa ni kuanza na wakfu tunaoujua. Mzee anaweka shamba la minazi kuwa wakfu wa msikiti. Minazi haiuzwi wala haikatwi, nazi ndizo zinazouzwa, na fedha yake inawasha taa na kutengeneza paa. Wakfu binafsi wa Marekani unafanana na huo kwa kiasi. Tajiri anaingiza hisa au fedha, anapewa nafuu ya kodi mwaka ule ule, na mali haiwezi kurudi mfukoni mwake tena. Lakini iko tofauti moja kubwa: yeye mwenyewe anaweza kubaki mwenyekiti, akachagua lini zitoke, ziende wapi, na nyingine zikae hapo miaka mingapi. Kwenye shamba la mzee mara nyingi msimamizi ni mtu mwingine, au ofisi.

Bunge la Marekani liliona zamani kwamba mwanya huo unaweza kugeuka ghala la kukwepea kodi. Sheria ya kodi ya 1969 ikaweka masharti, na humo ndimo ilimozaliwa kanuni ya kutoa kiasi cha chini kila mwaka. Leo kiasi hicho ni asilimia 5 ya wastani wa thamani ya mali ya uwekezaji ya wakfu. Angalieni vizuri: ni asilimia 5 ya mali iliyomo ndani ya wakfu. Utajiri wa Musk mwenyewe, yaani hisa zake za Tesla na SpaceX alizozishika kwa jina lake, haumo kwenye hesabu hata kidogo.

Tuchukue wakfu wenye wastani wa dola milioni 100. Kwanza inaondolewa asilimia 1.5, inayohesabiwa kuwa fedha ya kuendeshea shughuli, zinabaki milioni 98.5. Asilimia 5 ya hizo ni dola milioni 4.925. Hapo hupunguzwa kodi ambayo wakfu hulipa kwa mapato ya uwekezaji wake, asilimia 1.39. Kinachobaki ndicho lazima kitoke. Na neno "kutoka" nalo lina mlango mpana kuliko wengi wanavyodhani. Gharama halali za ofisi za kutoa ruzuku zinahesabika. Mikopo nafuu ya hisani inahesabika. Hata fedha ikihamishiwa kwenye akaunti ya hisani iliyo chini ya shirika jingine, kama zile za Fidelity Charitable, ambako mtoaji anaendelea kushauri iende wapi, inahesabika kuwa imetoka, ingawa bado haijanunua hata daftari moja. Wakfu wa Musk umewahi kutumia njia hiyo.

Jambo la pili ni muda. Wakfu una hadi mwisho wa mwaka unaofuata kukamilisha kiasi cha mwaka uliopita. Ukishindwa hapo ndipo unatozwa asilimia 30 ya pengo, na ukiendelea kukaidi, asilimia 100. Kwa hiyo habari mliyoisoma ni ya kweli, ila kichwa chake kinapotosha. Mwaka 2021 wakfu wa Musk ulipungukiwa na takriban dola milioni 41, mwaka 2022 milioni 234, mwaka 2023 milioni 421. Kupungukiwa peke yake si kosa. Ni deni lenye tarehe.

Tazameni linavyofanya kazi. Mwaka 2023 wakfu ulitoa kama dola milioni 237. Fedha inayotoka huziba kwanza pengo la mwaka uliotangulia, nalo lilikuwa milioni 234. Zikabaki milioni 3 tu za kuhesabiwa kwa mwaka 2023 wenyewe. Ndiyo maana pengo jipya likawa kubwa hivyo. Ni kama mtu anayelipa kodi ya pango ya mwezi uliopita kila mwezi: hafukuzwi, lakini hamalizi kudaiwa. Wakosoaji wana hoja wanaposema huo si mwendo wa mtu mwenye haraka ya kusaidia. Sheria, hata hivyo, haiulizi haraka.

Na fedha hizo zilifikaje humo? Mnamo Novemba 2021 Musk aliingiza hisa zaidi ya milioni 5 za Tesla, zenye thamani ya dola bilioni 5.7 wakati ule. Huo ulikuwa mwaka ambao mwenyewe alitangaza angelipa kodi ya zaidi ya dola bilioni 11. Anayetoa hisa zilizopanda bei hufaidika mara mbili: halipi kodi ya faida ambayo angelipa kama angeziuza, na anaruhusiwa kupunguza thamani yake ya sokoni kutoka kwenye kipato kinachotozwa kodi, hadi asilimia 20 ya kipato cha mwaka kama mpokeaji ni wakfu binafsi, na inayozidi anaisogeza mbele kwa miaka mitano. Wiki chache kabla ya hapo alikuwa amebishana hadharani na David Beasley, mkuu wa wakati ule wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, akisema angeuza hisa mara moja iwapo shirika lingeeleza jinsi dola bilioni 6 zingemaliza njaa. Shirika likatoa mpango wake. Hisa zikaenda kwenye wakfu wake mwenyewe.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lenu la "kwa nini zisije kwetu". Asilimia 5 inaamua kiasi gani kitoke. Haisemi neno kuhusu nani apokee. Na kwa asasi ya nje ya Marekani, sheria ile ile inayolazimisha fedha zitoke imeweka vizingiti njiani.

Wakfu wa Marekani ukimpa mpokeaji aliyeko Marekani, tena aliye kwenye orodha ya Mamlaka ya Mapato, IRS, kama shirika la hisani la umma, kazi ni dakika tano: unatafuta jina kwenye orodha, unaandika hundi. Ukitaka kuipa asasi ya Muheza moja kwa moja, una njia mbili. Ya kwanza ni kupata maoni ya maandishi ya mtaalamu wa kodi kwamba asasi hiyo, ingawa imesajiliwa Tanzania, inalingana na shirika la hisani la umma la Marekani. Iko taasisi iitwayo NGOsource inayofanya kazi hiyo, na anayeagiza na kulipia ni mfadhili. Wanataka katiba, cheti, na kwa kawaida hesabu za vyanzo vya mapato vya miaka mitano. Njia ya pili ni wakfu kubeba dhamana ya matumizi: kuwachunguza kabla, kuandikiana mkataba, fedha za ruzuku kutunzwa kwenye hesabu tofauti, ripoti kila mwaka, na wakfu nao kuripoti kwa IRS. Ukizembea katika hayo, unatozwa asilimia 20 ya ruzuku husika, na meneja aliyeidhinisha akijua anaweza kutozwa asilimia 5 kutoka mfukoni mwake.

Sasa jiwekeni kwenye viatu vya wakurugenzi watatu wasio na mwajiriwa. Mna milioni mia kadhaa za kutoa kabla ya Desemba. Mtafuatilia asasi 400 za vijijini, kila moja na katiba yake na risiti zake, au mtaandika hundi tano? Ndiyo maana ruzuku zilizojulikana za wakfu huo ni za aina hii: dola milioni 55 kwa hospitali ya watoto ya St. Jude, milioni 20 kwa shule za Cameron County huko Texas karibu na kituo cha SpaceX, milioni 5 kwa Khan Academy. Hundi chache, kubwa, kwa majina yaliyo kwenye orodha.

Si lazima mniamini kwa maneno. Ile fomu ambayo wakfu binafsi huwasilisha kila mwaka, iitwayo 990-PF, ni ya wazi kwa sheria, na mtu yeyote anaisoma bure kwenye tovuti ya ProPublica, sehemu yao ya Nonprofit Explorer. Andikeni jina la wakfu, fungueni fomu ya mwaka wa karibuni, na msiogope kurasa zake nyingi. Ukurasa wa kwanza, kisanduku I, ndicho chenye thamani ya mali yote mwisho wa mwaka. Sehemu ya kwanza, mstari wa 25, safu ya mwisho: ruzuku zilizolipwa kweli. Sehemu ya XII, mstari wa 6f: kiasi ambacho lazima kitoke mwaka unaofuata, yaani lile pengo. Kisha nendeni Sehemu ya XIV (kwenye fomu za kabla ya 2021 ni ya XV). Mstari wa 2 una kisanduku kidogo cha kuweka alama. Kikiwa na alama, maana yake wakfu huo unatoa kwa mashirika uliyokwisha kuyachagua wenyewe tu, na haupokei maombi ambayo haukuyaalika. Kisanduku hicho kimoja kingewaokoa watu wengi muda wa kuandika andiko la kurasa 40. Chini yake ni orodha ya wapokeaji wote, anwani, kiasi na madhumuni. Kwenye safu ya hadhi ya mpokeaji mtaona herufi PC zimejaa kuanzia juu hadi chini: hao ndio walio kwenye orodha ya IRS. Hesabuni anwani zilizo nje ya Marekani. Kama ni sifuri kwa miaka mitatu mfululizo, mmepata jibu bila kumwuliza mtu. Kumbukeni tu kwamba fomu huchelewa. Ya mwaka fulani hutakiwa kati ya Mei na Novemba ya mwaka unaofuata, kwa hiyo mnachosoma ni cha mwaka jana au juzi.

Je, matajiri wengine wa teknolojia wana milango mipana zaidi? Inategemea. Wakfu wa Gates, ulioanzishwa 2000, umetoa zaidi ya dola bilioni 100 katika miaka 25, na tarehe 8 Mei 2025 Bill Gates alitangaza kwamba utatumia bilioni 200 nyingine na kufungwa kabisa tarehe 31 Desemba 2045. Huo una wafanyakazi wengi na tovuti inayoorodhesha ruzuku zake, mnaweza kutafuta neno "Tanzania" na kuona nani amepata, kiasi gani, kwa kazi gani. Lakini nao kwa kawaida hualika waombaji au hutangaza shindano maalumu, na wapokeaji wake hapa kwetu ni wa ukubwa wa Taasisi ya Afya Ifakara. Asasi ndogo hufika huko kama mshirika chini ya taasisi kubwa. MacKenzie Scott, aliyekuwa mke wa Jeff Bezos wa Amazon, hutoa ruzuku zisizo na masharti ya matumizi, jambo zuri sana, ila hapokei maombi. Alipofungua mlango mwaka 2023, ulikuwa kwa mashirika ya Marekani tu, na 361 yakagawana dola milioni 640. Kampuni ya hisani ya Mark Zuckerberg na mkewe Priscilla Chan, iliyoanzishwa 2015, iliundwa kama kampuni ya kawaida, siyo wakfu, kwa hiyo kampuni yenyewe haibanwi na asilimia 5 wala haijazi 990-PF. Msipoteze wino huko.

Kwa asasi ya Sh milioni 38, maoni yangu ni kwamba fedha za bilionea hazifikiwi kwa kumwandikia bilionea. Zinafikiwa, zikifikiwa, kupitia mtu wa kati ambaye tayari anazipokea au yuko kwenye orodha ile ya PC. GlobalGiving ni mfano: ni shirika la hisani la Marekani, linapokea asasi za nchi nyingi zikiwemo za Tanzania na Kenya, linazihakiki lenyewe, na mfadhili wa Marekani akitoa kupitia hapo yale mambo ya kodi yanakuwa yamekwisha. Kwa utaratibu wake wa miaka mingi, asasi mpya huingia kwa kampeni ya majaribio ya kukusanya dola 5,000 kutoka kwa wachangiaji 40. Hutozwi kuomba, ila hukata asilimia ya kinachopatikana, kwa hiyo someni masharti na makato ya sasa kabla. Arobaini ndiyo namba ngumu kuliko dola zenyewe: kaeni chini muandike majina ya watu 40 halisi, wana Muheza walioko Dar, Muscat, London, kabla ya kujiandikisha. Kama majina hayafiki 25, bado. Karibu zaidi na nyumbani iko Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam, ambayo hutoa ruzuku kwa asasi za Tanzania kwa matangazo ya wazi. Kwa hali yenu, mimi ningeanza huko.

Lakini kwanza fungueni katiba yenu. Asasi nyingi zinakwama hapo na hazijui. Tafuteni kifungu cha kuvunjwa kwa asasi. Kama kinasema mali itagawanywa kwa wanachama, kama zinavyosema katiba nyingi za vikundi vilivyoanza kwa kusaidiana, hakuna mtaalamu wa kodi wa Marekani atakayeandika kwamba mnalingana na shirika la hisani. Kirekebisheni kiseme mali itaenda kwa asasi nyingine yenye malengo yanayofanana. Wekeni pia kifungu kwamba hakuna mjumbe anayegawiwa faida, na kwamba asasi haifanyi kampeni za kisiasa. Pelekeni marekebisho kwa njia rasmi, mkutano mkuu na muhtasari uliosainiwa.

Kisha hesabu. Mkiweza kupata hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili, hata mitatu, na mkaguzi aliyesajiliwa na bodi ya wahasibu na wakaguzi, NBAA, mtakuwa mmewapita washindani wengi wa ukubwa wenu. Akaunti ya benki iwe na watia saini wawili au watatu wasiokuwa ndugu. Andiko la kwanza lisizidi kurasa mbili: mna watoto 140, mnatumia Sh 271,000 na ushei kwa mtoto kwa mwaka, wangapi hawakuweza kusoma neno moja walipoingia, wangapi wanasoma aya baada ya miezi sita, na mlipimaje. Ombeni Sh milioni 10 hadi 15, siyo 600. Kiasi hicho mnaweza kukimudu na kukitolea hesabu, na mfadhili anayetolewa hesabu safi hurudi.

Fedha zikipatikana, kumbukeni sheria ya nyumbani. Kanuni za NGO za 2018 ziligusa fedha zinazozidi Sh milioni 20: mkataba huwasilishwa kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 tangu kusainiwa, na fedha hutangazwa hadharani. Kabla ya kusaini chochote nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa wilaya mkahakikishe utaratibu unaotumika sasa. Hapo hapo mwonyesheni ile barua ya WhatsApp, maana inawezekana ninyi si wa kwanza kuipokea.

Kuhusu nyaraka mlizokwisha kutuma, hilo linanipa wasiwasi kuliko barua. Viongozi wote watatu wapige *106# leo kuona laini za simu zilizosajiliwa kwa namba zao za NIDA. Ikionekana laini wasiyoitambua, waende wenyewe kwenye duka la mtandao husika na kitambulisho, siyo kwa wakala wa barabarani. Kama mlimpa namba ya akaunti, meneja wa tawi lenu ajue, kwa barua. Ujumbe wa SMS wa kitapeli pelekeni 15040. Mazungumzo ya WhatsApp msiyafute: pigeni picha za skrini zenye namba yake, tarehe na ile barua, mzipeleke kituo cha polisi mkachukue RB. Kama yupo mjumbe aliyekwisha kutuma fedha kimyakimya, na hutokea, aseme sasa bila kuzomewa, apige huduma kwa wateja wa mtandao wake mara moja na awe na namba ya muamala mkononi. Kila saa inayopita inampa tapeli nafasi ya kuzitoa. Na mtu huyo msimjibu tena. Kumtukana kunamfurahisha tu, anajua namba bado iko hai.

Mmetaja tableti. Ile haikuwa ruzuku kwa asasi za Tanga. Musk alitoa fedha kwa XPRIZE, shirika la hisani la Marekani (mstari mwingine wa PC), kwa shindano la dola milioni 15 lililotangazwa 2014: nani atatengeneza programu itakayomwezesha mtoto asiye na mwalimu kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu mwenyewe kwa miezi 15. Timu tano zilizofika fainali zilipata dola milioni 1 kila moja, na zote zilijaribiwa kwa Kiswahili katika vijiji vya mkoa wenu, kwa watoto karibu 3,000, UNESCO, Mpango wa Chakula Duniani na serikali yetu wakisimamia. Tableti zilitolewa na Google. Mei 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, wakapata milioni 5 kila mmoja. Fedha zilikwenda kwa watengeneza programu.

Ila sharti la shindano lilikuwa kwamba programu za timu zote tano ziwekwe wazi, na maudhui yake ya Kiswahili yatumike bure. Ziko mtandaoni mpaka leo. Zilitengenezwa kwa tableti za Android za wakati ule, kwa hiyo msinunue vifaa kumi kwa mpigo. Mtafuteni kijana anayejua Android, awawekee kwenye tableti moja ya zamani, mjaribu wiki mbili kwenye kituo kimoja mkiangalia chaji inadumu saa ngapi, sauti inasikika watoto wakiwa wengi, na kama programu inajifunga yenyewe. Hiyo hamhitaji barua ya kuteuliwa.